Turubai Likishashushwa

Msiba ukitokea kwetu, watu hawasubiri kuitwa. Ndani ya saa chache turubai limesimama, mikeka imetandikwa, kina mama wamewasha moto wa kupikia umati, na daftari la rambirambi liko mbele ya mtu anayeaminika. Ndugu waliokuwa hawasemeshani wanabeba jeneza pamoja. Usiku wanawake wanalala tanga ili mfiwa asibaki na kuta peke yake. Desturi hii ni hazina kubwa, na ninayoyasema hapa hayaipunguzii heshima hata kidogo.

Ila matanga yana siku zake. Yakianuliwa, turubai linakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, wageni wanapanda mabasi. Mwezi wa tatu au wa nne, majirani wanapoanza kumsifu mfiwa kwamba amejikaza, ndipo usiku unapomlemea. Haendi popote kusema ana majonzi. Anakwenda zahanati kusema kichwa kinauma, presha imepanda, usingizi hauji. Akibahatika, atakayempokea atamuuliza swali moja la ziada na kumpeleka kwa mshauri nasaha. Kazi ya mtu huyo ni ufundi kamili, na hausifiwi unavyostahili.

Ukimtazama akiwa kazini unaweza kudhani hafanyi kitu. Amekaa kwenye kiti cha kimo kilekile na cha mgeni wake, bila meza katikati. Kitambaa cha kufutia machozi kipo karibu, lakini hakimbilii kumkabidhi, maana anayelia akipewa kitambaa haraka huelewa kwamba anaombwa anyamaze. Kimya kikiingia, anakiacha. Sisi wengine tumezoea kukijaza: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, wewe jikaze tu. Tunayasema kwa upendo, na pengine kwa imani ya kweli, lakini baada ya maneno hayo mfiwa hana tena la kuongeza isipokuwa “ndiyo” na “ahsante”. Mshauri humwachia nafasi ya kuongeza. Humuuliza marehemu alikuwa anaitwa nani, alipenda nini, siku ile ilianzaje asubuhi.

Mkunga mmoja aliyesomea ushauri nasaha aliwahi kuniruhusu niketi pembeni akizungumza na mama aliyejifungua mtoto mfu mimba ikiwa imetimia. Mama mwenyewe aliridhia. Nyumbani hapakuwekwa matanga. Nguo za mtoto ziliondolewa kabla hajatoka hospitali, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia bado ni kijana, atapata mwingine.

“Alikuwa wa kike au wa kiume, mama?” mkunga aliuliza.

“Wa kike.”

“Ulimwona?”

“Walinionyesha kidogo.”

“Alifanana na nani?”

Mama alinyamaza kwa muda mrefu sana. Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitoroli cha chakula, magurudumu yakipiga kelele kwenye saruji, na mkunga hakugeuka hata kuangalia mlangoni. Kisha mama akasema nywele zilikuwa nyingi, kama za baba yake. Akasema jina walilokuwa wamemchagulia. Halafu akasema jambo ambalo mimi nisingelijua kuliuliza: “Maziwa yalitoka siku ya tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba yatatoka.” Mkunga alilirudia jina la mtoto, akampa pole kwa kumtaja, ndipo akamweleza habari za maziwa taratibu, namna ya kupunguza maumivu na lini yatakauka. Katika saa nzima ile hakusema hata mara moja kwamba wakati utaponya. Maswali matatu mafupi yalimpa mama ruhusa ya kuwa mzazi wa mtoto aliyekufa, ruhusa ambayo ukoo mzima, pamoja na upendo wake wote, ulikuwa haujampa.

Kwa watoto ufundi huu unahitaji ujasiri zaidi. Mtoto hudanganywa kwa huruma: baba amesafiri, mama amelala, bibi ameitwa na malaika. Aliyeambiwa baba amesafiri ataendelea kumngoja, na atajiuliza amekosa nini hata baba asiage. Aliyeambiwa mama amelala anaweza kuogopa kitanda. Mshauri mzuri humwambia mtoto kwamba mpendwa wake amekufa, yaani mwili umeacha kufanya kazi na hatarudi, kisha hubaki naye maswali yanapoanza. Watoto huuliza mambo ambayo watu wazima tunayaogopa: je, kule chini ana baridi? Nani atanilipia shule? Mimi ndiye niliyemuua kwa sababu nilikasirika?

Kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri na watu wa kawaida, tuna ushahidi wa hapa hapa kwetu. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini, uliendeshwa mpango ulioitwa Pamoja Tunaweza. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishiriki katika utafiti wake. Nusu ya watoto waliingia kwenye vikundi vilivyokutana mara 12, na walezi wao wakawa na vikundi vyao. Walioongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia; walikuwa watu wa maeneo hayohayo waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwisho wa vikundi, katika maeneo matatu kati ya manne, watoto hao walikuwa wamepata nafuu ya kiwewe kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Nafuu kubwa zaidi ilionekana vijijini Kenya, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa bado ipo. Upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamelingana kufikia wakati huo. Hilo halinikatishi tamaa. Linanikumbusha kwamba mtoto yatima anahitaji kusindikizwa hata vikao vikiisha.

Wengi wamesikia kuhusu hatua tano za majonzi. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa wafiwa, na wapo waliozifanya mtihani: umeshamaliza hasira, sasa uko wapi? Wenye ufundi hawafanyi hivyo. Mimi naona ukweli zaidi kwa watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuomboleza na kuendesha maisha. Mjane anayelia asubuhi na mchana akacheka na wateja sokoni hajamsahau mumewe. Mara nyingi kicheko hicho ndicho kinachomtia hatia, na mshauri hutumia kikao kizima kukizungumzia.

Tena msiba wetu hauji peke yake. Mjane anapoomboleza, shemeji zake wanapima kiwanja. Mshauri ajuaye kazi yake hatamtuliza mtu anayenyang'anywa nyumba. Atampeleka kwa msaidizi wa kisheria siku hiyohiyo. Vilevile anatambua majonzi yanapogeuka ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, pale yanapoendelea kumlemaza mtu kwa zaidi ya miezi sita na kupita mipaka ya desturi zake. Akisikia mfiwa anasema afadhali amfuate marehemu, mshauri humuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Humwondolea upweke wa kulibeba. Kisha humpeleka hospitali, na hamwachi aende peke yake.

Yote haya humrudia mshauri mwenyewe usiku, na siri za watu hawezi kuzisimulia nyumbani. Ndiyo maana anahitaji msimamizi wa kumsikiliza naye, na mapumziko, na mshahara. Kwenye hospitali zetu kazi hii mara nyingi huachiwa muuguzi mwenye moyo, aifanye baada ya zamu, kwenye korido, wagonjwa wengine wakisikia. Kila wodi ya wazazi na kila hospitali ya wilaya iwe na mshauri wa wafiwa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na apewe chumba chenye mlango unaofungwa.