Bustani za Kuonyesha Wageni



Siku hizi, mahali panapongojewa mgeni mkubwa, kwanza hutengenezwa bustani. Mbele ya kanisa, mbele ya ofisi, mbele ya nyumba ya tajiri, udongo hufunikwa kwa mawe na simenti. Katikati huachwa duara dogo la maua. Watu husema: Pazuri! Sisi tunauliza: Pazuri kwa nani, na kwa siku ngapi?

Hatuushitaki uzuri. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu aliotesha bustanini miti ya kupendeza macho na ya kuliwa pia, akamweka mtu humo ailime na kuitunza. Kosa la bustani hizi ni kuyachukua macho na kuyasahau mengine yote.

Tutazame kwanza mawe. Mtindo huu tumeuiga kwa watu wa Goma. Lakini Goma umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na mahali pengi maji ya mvua hushuka katika nyufa zake. Kwetu Masisi ni milima mikali. Ukiuziba ua ulio juu mlimani, mvua haipotei. Inakimbia, inapata nguvu, inaingia katika shamba la jirani aliye chini, inachukua maharagwe yake pamoja na udongo. Mwenye bustani anabaki na mawe safi, jirani anabaki na korongo. Je, huo ndio upendo wa jirani?

Tukumbuke Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 maji na matope yalifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Hatusemi kwamba bustani zilileta msiba ule. Twasema kwamba maji ya mlimani si kitu cha kuchezea. Hata Uingereza, nchi yenye kupenda bustani, tangu mwaka 2008 mtu akitaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba yake kwa kitu kinachozuia maji kuingia ardhini, bila kuyatengenezea njia ya kwenda udongoni, yampasa kuomba ruhusa.

Tutazame na mimea. Kule London, tangu mwaka 1913, hufanywa maonyesho ya bustani mahali paitwapo Chelsea. Bustani hizo hutazamwa siku chache, kisha nyingi huvunjwa. Kwa maonyesho si kosa, ndiyo kazi yake. Lakini parokia si maonyesho. Kwetu maua huletwa yamekwisha chanua, yakapandwa karibu karibu ili paonekane pamejaa. Mgeni akiisha kwenda, yanasongana, yanakauka, mbuzi wanamaliza yaliyobaki. Tena mti wa kivuli hukatwa ili kanisa lionekane katika picha, na mama wenye watoto wa kubatizwa wanasimama juani.

Basi, bustani njema ni ipi? Mawe yawekwe panapopita miguu tu, juu ya mchanga, na majani yaote katikati yake. Maji ya paa yaongozwe katika pipa au shimo. Majani ya ng'ombe yapandwe kwa mistari inayokata mteremko, na maua nyuma yake. Uwepo mti wa parachichi, na marakuja juu ya ua. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, maua ya porini yaote. Papa Fransisko alitukumbusha jambo hilo katika barua yake Laudato Si', mwaka 2015.

Msomaji mpendwa, ukitaka kuihukumu bustani, usiitazame siku ya sikukuu. Ngoja mvua kubwa ya mwezi wa Aprili, kisha uende ukasimame kwa jirani wa chini. Hapo utaona kama ni nzuri.