Andalio la Kumpa Usiyemjua

Andalio la somo ambalo mwalimu anajiandikia mwenyewe huwa na mapengo. "Wape kazi," anaandika, na inamtosha, kwa kuwa kazi yenyewe anayo kichwani. Likishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Hisabati, likapakuliwa na mtu wa Kasulu au Newala asiyemfahamu, mapengo hayo hayana wa kuyaziba. Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Chukua somo la sehemu kwa darasa la tatu, lililoandaliwa na mwenye mkono mzuri. Watoto wanakunja karatasi, wanapata nusu; wanaikunja tena, wanapata robo. Swali la kuuliza ameliandika lote, na chini yake ameweka jibu la makosa ambalo wengi watatoa: kwamba robo ni kubwa kuliko nusu, maana nne inazidi mbili. Halafu anasema la kufanya: usimsahihishe mtoto, mwambie aweke kipande cha robo juu ya cha nusu, atazame. Mstari huo haukuandikwa kwa kubahatisha. Ameupata kwa kusikiliza watoto wakikosea, mwaka baada ya mwaka, na sasa anautoa bure.

Kisha tazama mambo madogo. Mchoro una mistari minene na hauna rangi, kwa sababu utatolewa fotokopi. Faili ni jepesi, lisimalize bando la mpokeaji. Ameliacha katika Word, ili mwenzake aweze kufuta na kuongeza. Ukikosa manila, anasema, kunjua boksi la sabuni, tumia upande wa ndani. Na kwa darasa la watoto tisini ameeleza namna ya kuwagawa bila kuhamisha madawati! Nani angekumbuka hilo, kama si mtu aliyesimama humo?

Uangalifu wa aina hii umo pia katika masomo ya TESSA, mpango ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Open University ya Uingereza na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwamo. Masomo hayo yapo bure mtandaoni, kwa Kiswahili pia. Kila shughuli huambatana na kisa cha mwalimu aliyejaribu jambo hilo darasani kwake, nawe unaruhusiwa kubadili mifano iendane na mahali ulipo. Ruhusa hiyo naithamini kuliko wingi wa masomo yenyewe.

Kinachoniuma ni wanaofuta jina la mwandishi kabla ya kusambaza. Jasho la mtu halifutwi hivyo. Nawapenda wale wanaoliacha jina la mwandishi wa kwanza juu, wakaandika lao chini yake pamoja na walichoongeza: mmoja maswali ya wanaomaliza mapema, mwingine namna ya kumshirikisha mtoto asiyeona, kwa kumpa karatasi ileile aikunje na kupapasa kingo zake.