Mikono Inayojua Kungoja

Pembe ya mkunga ina urefu wa shubiri moja. Upande mmoja ina mdomo mpana kama wa faneli, upande wa pili ina kisahani cha kuwekea sikio. Daktari Mfaransa Adolphe Pinard aliibuni mwaka 1895, na mpaka leo inatumika kwa sababu haidai betri wala umeme. Usiku ninaousimulia, umeme ulikuwa umekatika mjini kwetu Uvira, Congo, tangu magharibi. Mkunga aliweka mdomo wa pembe juu ya tumbo la mke wangu, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akainamisha sikio, kisha akaiachia kabisa. Pembe ikabaki imebanwa kati ya sikio lake na tumbo. Akatazama saa ya mkononi chini ya tochi niliyomshikia, midomo ikihesabu bila sauti.

"Mia moja na thelathini na nane," akasema. "Mtoto anaendelea vizuri."

Mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni hutakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Baadaye alinieleza kwa nini aliachia pembe: vidole vikiigusa hukwaruza, na mkwaruzo huo hufunika mapigo. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi pale Kalundu. Alikuwa akisema kwamba ukitaka kumjua fundi, itazame mikono yake wakati imetulia. Miaka mingi nilidhani maneno hayo ni ya mbao tu.

Kwetu, kuanzia bonde la Ruzizi kupitia Uvira na kushuka Makobola hadi Baraka, baba wa mtoto hungoja nje. Kazi yake ni kutafuta pikipiki, kulipa na kukaa kwenye benchi. Anayeingia ni mama, dada au shangazi, akibeba beseni, vitenge, sabuni na chupa ya chai. Watoto wetu wawili wa kwanza walizaliwa hivyo. Wa kwanza alizaliwa mahali ambapo mke wangu alifokewa kila alipolia, nami nikayasikia yote kupitia ukutani. Hakuniambia neno juu ya usiku ule kwa mwaka mzima.

Mimba ya tatu ilipofika miezi saba, mkunga alimwuliza kliniki: "Mama, siku ile unataka nani akae nawe?" Mke wangu akajibu: "Papa wa watoto." Jibu hilo lilikuwa zito kwetu sote. Heshima hainiruhusu kukaa chumba kimoja na mama mkwe binti yake akiwa katika hali ile. Mkunga aliyapanga mambo bila kumvunjia mtu heshima: mama mkwe angeshika jiko, maji moto na chai, na ndiye angempokea mtoto baada ya mama yake kumshika. Alizungumza naye mwenyewe, wamekaa chini pamoja, mpaka bibi yule akakubali kwa moyo mweupe. Niliona hapo kwamba kazi ya mkunga huanza kabla ya uchungu.

Swali lake lina msingi mpana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake juu ya kujifungua, lilitaka kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Uchambuzi wa tafiti 26 zilizohusu wanawake zaidi ya 15,000 ulikuwa umeonyesha kuwa aliye na mtu wa kumtegemeza mfululizo huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida, kwa uchungu mfupi zaidi na upasuaji mchache zaidi. Ushahidi mwingine uko kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, asasi ya Thamini Uhai iliingiza wasindikizaji katika vyumba vya kujifungulia. Katika vituo vilivyohusika, wanawake zaidi ya 80 kati ya kila 100 walipata mtu wa kukaa nao, na karibu wote walisema waliridhika. Kigoma wanakula ndagala kama sisi, wanasafiri kwa boti kama sisi. Lililowezekana kwao linawezekana kwetu.

Tulifika saa tatu usiku. Mkunga alinawa mikono, akaipasha joto kwa kuisugua, ndipo akamgusa mke wangu. Alianza juu ya tumbo, akatafuta makalio ya mtoto; akashuka pembeni, akatafuta mgongo; akaishia juu ya nyonga, akapima kwa vidole ni kiasi gani cha kichwa kilichobaki juu. Macho yake hayakuwa tumboni. Yalikuwa usoni pa mke wangu, kwani uso ndio unaosema mkono ukibonyeza kupita kiasi. Kisha akaacha kiganja kimepumzika juu ya tumbo, akahesabu. Uchungu mara tatu katika dakika kumi, kila mmoja sekunde arobaini na zaidi. "Mwili wako unatumika vizuri, mama," akamwambia. Huku kwetu kutumika ni kufanya kazi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilimshikilia usiku kucha: alijiona mtu aliye kazini.

Kila alichokipata alikiandika kwenye patogramu, karatasi ya miraba inayofuata safari ya uchungu. Asili ya karatasi hiyo inapita Afrika. Daktari Emanuel Friedman wa Marekani alichora mwendo wa kufunguka kwa mlango wa kizazi mwaka 1954. Mwaka 1972, Hugh Philpott na William Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji tunaouita leo Harare, waliongeza mistari miwili: wa tahadhari, na wa kuchukua hatua, saa nne mbele yake. Waliwafikiria wakunga wa zahanati za mbali, ambao lazima wajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali. Mstari wa tahadhari ulidhani kwamba mlango hufunguka sentimita 1 kila saa. Mapendekezo yale ya mwaka 2018 yalikiri kwamba kwa baadhi ya wanawake mwendo huo ni wa haraka mno, wala si sababu ya kuwaharakisha ikiwa mama na mtoto wako salama.

Mkunga wetu alilijua hilo kwa mikono. Saa sita usiku mambo yalisimama. Uchungu ulikuwapo, lakini safari haikusonga. Niliona hofu machoni pa mke wangu na nikaisikia kifuani mwangu. Mkunga hakuchoma sindano, hakuamrisha. Alisikiliza pembe, akapima joto na shinikizo la damu, akauliza: "Mama, umeenda haja ndogo saa ngapi?" Kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka. Akamwinua, akampeleka msalani, akampa chai yenye sukari, akamwambia atembee ukumbini. Kisha akanigeukia mimi.

"Papa, njoo. Weka kiganja hapa." Akakiweka mwenyewe chini kabisa ya mgongo wa mke wangu, kwenye mfupa ulio bapa. "Uchungu ukija, sukuma. Ukiisha, acha. Usiseme neno."

Nilisukuma kwa woga. Akaongeza mkono wake juu ya wangu, nikajua uzito unaotakiwa: mzito kuliko nilivyothubutu. Mke wangu alishusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu saa tatu. Kwa saa mbili tulitembea hivyo, mikono yake shingoni mwangu, kiganja changu mgongoni mwake, upepo wa mlimani ukiingia dirishani. Mkunga alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mgeni angedhani amepumzika. Kila nusu saa au mapema zaidi aliinuka na pembe yake, akasikiliza, akaandika, akarudi kukaa. Alikuwa akisikiliza pia sauti ya mke wangu, jinsi ilivyozidi kushuka na kuwa nzito, na kwa sauti hiyo alijua saa ilipo.

Kiswahili kililielewa jambo hili zamani. Tunasema mwanamke amejifungua. Hatusemi amefunguliwa. Kitenzi chenyewe kinampa mwanamke kazi na heshima yake. Ujuzi wa mkunga ni kulinda kazi hiyo isiingiliwe na mtu yeyote, hata na haraka yake mwenyewe, huku akibaki macho kwa dalili itakayomlazimu kuingilia.

Kwani kuna saa ambapo kungoja ni kuua. Milima iliyo nyuma yetu inalijua hilo. Mwaka 1983 daktari kijana, Denis Mukwege, alianza kazi katika hospitali ya Lemera, hapa hapa katika teritwari ya Uvira. Aliwaona wanawake wakiletwa kutoka vijijini wakiwa wameshinda siku nyingi katika uchungu, wengine wakivuja damu, wengine watoto wao wamekwisha kufa. Wao ndio waliomfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia inamjua kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, lakini njia yake ilianzia kwa mama aliyecheleweshwa akijifungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba Congo ilipoteza akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

Ndiyo maana mkunga wa Uvira huhesabu pia mito. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua watu wengi, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu madaraja. Barabara ikikatika, mstari wa karatasi hautoshi. Anayejua kwamba njia ya hospitali ni saa moja leo na huenda isiwepo kesho, humtoa mama mapema. Kuutambua ukingo wa uwezo wako nao ni ufundi.

Usiku wetu haukufika huko. Kabla ya alfajiri, chupa ya maji ilipasuka, maji yakawa meupe. Mke wangu alitaka kulala ubavu, mkunga akakubali, akanionyesha jinsi ya kushikilia mguu wake. Sasa alisikiliza mapigo kila baada ya dakika tano. Alibonyeza kitambaa cha maji ya uvuguvugu mahali nyama ilipokuwa ikivutika, na nywele za mtoto zilipoonekana, akasema kwa sauti ya chini: "Sasa usisukume, mama. Puliza, kama unapuliza chai." Kichwa kikatoka polepole, mkono wake ukikisindikiza bila kukivuta. Kidole kimoja kikapita shingoni kutafuta kitovu. Kisha akatulia kabisa. Kichwa kikageuka chenyewe, bega likafuata, na binti yetu akawa kifuani pa mama yake, akilia, akifutwa kwa kitenge.

Hapo mikono ikaharakisha kwa mara ya kwanza. Alipapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto wa pili, akachoma sindano ya oksitosini, yuniti 10, pajani. Lakini kitovu hakukikata. Alichukua kidole changu akakiweka juu yake. Kilikuwa kikipiga. Damu ya mtoto ilikuwa bado inarudi kwake. Tulingoja pamoja mpaka kikanyamaza, ndipo akafunga na kukata. Kondo la nyuma lilipotoka alilikagua pande zote mbili chini ya tochi, kama mtu anayechambua mchele, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki ndani kinaweza kuleta damu isiyokoma. Kisha akabonyeza tumbo na kumfundisha mke wangu kuugusa mji wa mimba: lazima uwe mgumu kama embe bichi. Ukilegea, aite mara moja.

Mama mkwe akaingia na maji moto. Mkunga akaandika saa, akanawa, akaenda chumba cha pili ambako mwanamke mwingine alikuwa ameanza kuguna.

Desemba 2023 UNESCO iliuandika ukunga katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi nane, mbili za Afrika: Nigeria na Togo. Mwaka huo huo serikali yetu ilianza mpango wa kujifungua bure, ukianzia Kinshasa. Ni jambo jema mama asilipe. Ni haki pia mkunga alipwe, awe na glavu, dawa na taa, maana wahudumu wengi wa afya nchini hukaa miezi bila mshahara wa serikali.

Nawe baba unayesoma, mwulize mke wako mapema: siku ile unataka nani akae nawe? Akimtaja mama yake, liheshimu jibu. Akikutaja wewe, ingia, nawa mikono, na uiweke pale mkunga atakapokuonyesha.