Deni la Mapenzi: Mume Aliyetoka Gerezani katika Riwaya ya Tayari Jones

Hadithi za mapenzi zimezoea kumweka mfungwa mahali pamoja: yumo nyuma ya ukuta, na mkewe yu nje akimngoja. Mlango wa gereza ukifunguliwa, hadithi hufungwa. An American Marriage, riwaya ya Tayari Jones iliyotoka Marekani mwaka 2018, yaanza shida yake kubwa pale pale ambapo nyingine hupumzika. Mtungaji huyu, ambaye jina lake la kwanza ni neno la kila siku kinywani mwa msemaji wa Kiswahili, alizaliwa Atlanta mwaka 1970. Riwaya hii ni ya nne kwake, na ilipata Tuzo ya Wanawake ya Riwaya huko Uingereza mwaka 2019.

Kisa chenyewe chaelezeka kwa maneno machache. Roy Hamilton na Celestial Davenport, vijana weusi waliosoma, wana mwaka mmoja na nusu tu katika ndoa wanapokwenda kuwaona wazazi wa Roy katika mji mdogo wa Louisiana. Usiku, hotelini, mwanamke amsingizia Roy kwamba amemwingilia kwa nguvu. Mkewe ajua kuwa si kweli, maana alikuwa naye. Lakini mahakama yamtia hatiani, naye apewa kifungo cha miaka 12. Baada ya miaka 5 hukumu yatenguliwa, na Roy atoka. Muda huo Celestial amekwisha kumpenda Andre, jirani yake wa tangu utoto, ambaye pia ni rafiki wa Roy.

Msomaji aliyelelewa juu ya Utenzi wa Mwana Kupona, ambamo mama amfundisha bintiye wajibu wa mke kwa mumewe, huenda akamhukumu Celestial upesi. Yafaa asifanye haraka. Ugumu wa riwaya hii umo katika jambo moja, nalo ni kwamba Roy hana kosa. Angalikuwa mwizi au muuaji, mke angalikuwa na udhuru. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, yakubali kwamba kifungo cha maisha, au cha miaka isiyopungua mitano, chaweza kuwa ushahidi wa kuvunjika kwa ndoa, baada ya kutazamwa urefu wa kifungo na namna ya kosa. Sheria imeliweka kosa katika mizani. Tayari Jones ameliondoa, kisha akauliza mizani itaelekea wapi. Je, mtu aliyedhulumiwa na dola anamdai mkewe fidia ya dhuluma ile?

Roy aamini kuwa anadai. Amepoteza kazi, ujana, na mamaye aliyekufa yeye akiwa kifungoni; mke ndiye mali pekee iliyobaki kwa jina lake. Neno "mali" halimstahili mtu, na mtungaji ajua hivyo. Ndiyo sababu ameisuka habari ya ndoa hii pamoja na habari za wazazi. Ugomvi uliowatoa Roy na Celestial katika utulivu wao usiku ule wa hotelini ulitokana na siri ya Roy, aliyokuwa amemficha mkewe, kwamba Big Roy, aliyempa jina, siye aliyemzaa. Gerezani Roy alazwa chumba kimoja na mzee Walter, naye baadaye atambua kuwa huyo ndiye aliyemzaa na kumkimbia. Babaye Celestial alimwacha mke wa kwanza. Babaye Andre aliiacha nyumba yake. Kila mmoja amekuja kwenye mapenzi na jeraha la nyumbani.

Katika baba hao wote, Big Roy peke yake hakulazimishwa na damu wala na sheria. Alimtwaa mtoto wa mwingine akamwita wake. Na mkewe Olive alipozikwa, alilishika koleo mwenyewe akalifukia kaburi. Yeye ndiye kipimo cha riwaya: upendo wake watolewa, haudaiwi. Roy alilelewa na mtu huyo, lakini amjia mkewe kama mwenye hati ya deni.

Kwa hiyo kilele cha kitabu hakimo mahakamani. Kimo chumbani, Celestial anapokuwa radhi kumrudia mumewe kwa kuwa imempasa. Roy, mtu aliyefungwa kwa kusingiziwa kuutwaa mwili wa mwanamke kwa nguvu, atambua kwamba mwili unaotolewa kama malipo hautofautiani sana na ule unaotwaliwa, naye aukataa. Hapo ndipo Roy ajitakasapo mwenyewe, kwa namna ambayo hati ya mahakama haikuweza kumtakasa.

Ufundi wa barua wastahili sifa. Miaka ya kifungo yapita katika barua za mume na mke, na msomaji huyaona mapenzi yakikonda, kila mmoja akieleza mambo ambayo mwenzake hawezi tena kuyaona. Walakini riwaya ina upungufu wake. Andre, ijapokuwa apewa sura zake za kusimulia, abaki mwema kupita kiasi. Davina, mwanamke ampokeaye Roy baada ya gereza, afanywa kimbilio zaidi ya kufanywa mtu. Tena mwanamke aliyemshtaki Roy hana jina wala sauti: anafungua msiba, kisha anatoweka. Mtungaji aliyejali sana haki ya mwanamke kujisemea angalimwachia huyu naye neno moja.

Hata hivyo swali lililoulizwa halifutwi na makosa hayo. Fasihi ya mapenzi imesifu uvumilivu wa mke muda mrefu bila kuuliza ni nani anayeufaidi. Riwaya hii haisemi kwamba kungoja ni upumbavu. Celestial alingoja, na kungoja kwake kulikuwa kweli kwa muda kulikodumu. Yasema tu kwamba kungoja kukiisha, hakufufuliwi kwa madai, hata mdai awe na haki kiasi gani juu ya ulimwengu mzima.