Maji Yakipiga, Mtu Anafanya Nini?

Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya ngoma ya mti na ngozi. Safari hii tupime chombo cha mbali ambacho mpigaji wake ni maji: Kinanda cha Bahari cha mji wa Zadar, kule Kroatia, kazi ya arkitekti Nikola Bašić, kilichofunguliwa mwaka 2005.

Kwa macho ni ngazi tu za mawe meupe zinazoshuka mpaka baharini, urefu wa metre 70 hivi. Chini yake mumelazwa matiyo 35. Wimbi likiingia linasukuma hewa ndani ya tiyo, hewa inapita penye mdomo kama wa filimbi, na sauti inatokea kwenye matundu ya juu, pale watu wanapotembea. Bahari ikitulia, kinanda nacho kinanong'ona.

Ya kusifu iko. Hakiombi umeme, na sisi tunaokatiwa umeme kila mara tunaelewa uzito wa neno hilo. Tena kimerudisha watu kwenye ukingo ambao, kisha mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, ulijengwa upya kwa ukuta wa betoni tu.

Lakini wanaposema chombo hiki kinajibu, tuulize: kinamjibu nani? Kinajibu maji. Mtu anaketi, anasikiliza, basi. Noti fundi amekwisha kuzichagua. Hata bahari haiwezi kukosea.

Tulinganishe na wamama wa Baka, katika misitu ya Kameruni na Gabon. Wanaingia mtoni mpaka kiunoni, wanakunja viganja, wanapiga maji na kufungia hewa chini yake: du! Sauti nzito ya ngoma, bila ngoma. Mmoja anaanza, mwingine anajaza pengo lake. Hapo maji yanajibu mkono, na mkono unajibu mkono wa mwenzake. Zadar pia ni hewa na maji. Tofauti ni mtu.

Betoni itabaki hata kama hakuna anayesikiliza. Ngoma ya maji inakufa siku binti asipofundishwa. Kwa hiyo, kama kesho msanii wetu atataka kujenga kitu cha namna hii pale Uvira ao Bukavu, tusimzuie. Ziwa liko na mawimbi yako. Tumuombe jambo moja tu: aache tundu ambalo mtoto anaweza kuziba na kufungua kwa mkono wake. Bila hivyo tutapata chombo kizuri, lakini hatutapata mpigaji.