Ulimi wa Antony

Brutus anamaliza hotuba yake, anawaomba raia wabaki wamsikilize Antony, kisha anakwenda zake. Kati ya makosa yote anayoyafanya katika tamthilia ya Julius Caesar, na ni mengi, hili ndilo linaloniuma zaidi kila nikiisoma. Amemuua mtawala wa Roma mchana kweupe na umati unamshangilia. Halafu anampa jukwaa rafiki mpenzi wa marehemu, na hata habaki kusikia atasema nini. Cassius, mwenzake katika njama, alikwisha kumvuta kando akamwonya: huyu asiruhusiwe kusema mazishini. Brutus akajibu kwamba atatangulia yeye kueleza sababu za kuua, na hapo neno litakuwa limekwisha. Aliamini kuwa sababu njema ikishasikika haing'oki tena.

Shakespeare aliiandika tamthilia hii mwaka 1599. Msafiri mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, alitazama mchezo wa Caesar jijini London tarehe 21 Septemba mwaka huo, na wataalamu wengi huamini kuwa ndio huu. Aliusifu, kisha akaongeza kwamba baada ya vifo na vilio vyote waigizaji walicheza ngoma. Kisa chenyewe Shakespeare alikichota kwa Mgiriki Plutarch, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Plutarch anatuambia kuwa Antony alihutubia mazishini na kulionyesha vazi lenye damu, lakini hotuba yenyewe haiandiki. Pale mwanahistoria aliponyamaza ndipo fundi alipopata nafasi yake.

Tumtendee Brutus haki: hotuba yake si mbaya. Ni fupi, imepimwa, imesemwa kwa lugha ya nathari kama ya mtu anayezungumza na wenzake wenye akili. Nilimpenda Caesar, asema, ila Roma niliipenda zaidi. Tatizo linajitokeza pale watu wanapoitikia. Mmoja wao anapaza sauti kwamba sasa Brutus ndiye awe Caesar! Mtu ameuawa ili Roma isiwe na mfalme, na waliofafanuliwa jambo hilo dakika chache zilizopita wanatafuta wa kumvika taji. Wamekubali bila kuelewa. Brutus hakutaka kitu kingine kwao isipokuwa kukubali, na walipokubali akaondoka.

Antony anapanda akiwa amefungwa kwa masharti. Asiwalaumu waliokula njama. Amsifu Caesar apendavyo, lakini aseme wazi kwamba anazungumza kwa ruhusa yao. Mtu mwingine angeyaona masharti hayo kama kamba shingoni. Yeye anayageuza kuwa silaha. Anaambiwa asiwatukane wauaji, basi anawasifu. Anawaita watu wa heshima mara ya kwanza, na sifa inasikika kama sifa. Kisha anataja mateka ambao fidia zao Caesar aliziweka katika hazina ya umma, anataja maskini waliolia Caesar akalia nao, anataja taji alilopewa mara tatu akalikataa mara tatu, na baada ya kila jambo anarudi palepale: Brutus ni mtu wa heshima. Sifa ileile, kwa herufi zilezile, inaoza polepole mbele ya masikio ya watu, na hakuna aliyelivunja sharti.

Ufundi huo wa kurudia ndio wanafunzi hufundishwa zaidi shuleni. Mimi ninaoustahi zaidi ni mwingine: Antony huwapa wasikilizaji kazi. Anasita katikati, anadai moyo wake uko jenezani na Caesar, lazima angoje umrudie. Anawaachia kimya, nao wanakijaza kwa kuanza kusemezana: kumbe alionewa, tazama macho yake yalivyo mekundu kwa kulia. Fikra ambayo angeweza kuwapa anawaachia waizae wenyewe, na nani atamkana mwanawe? Kisha anautoa wosia wa Caesar, anauonyesha, anasema hausomi. Wanamlilia ausome. Anasema ataudhi watu wa heshima. Wanapiga kelele kwamba hao ni wasaliti! Neno ambalo yeye amekatazwa kulitamka limetoka vinywani mwao.

Na bado hausomi. Anaomba ruhusa ya kushuka jukwaani, yeye ambaye sasa angeweza kuwaamuru chochote, na anawaweka waizunguke maiti. Analinyanyua joho la Caesar kama mnadi anayeinua vazi ili kila mtu alione, anasimulia siku lilipovaliwa mara ya kwanza, jioni ya kiangazi, baada ya kuwashinda Wanervii. Halafu anaonyesha matundu: hapa kisu cha Cassius kilipita, hapa Casca, na hapa Brutus aliyependwa. Ukisoma kwa makini utakumbuka kwamba Antony hakuwapo visu vilipochomwa, Trebonius, mmoja wa waliokula njama, alikuwa amemtoa nje makusudi. Hajui tundu lipi ni la nani. Historia nayo inatuambia kuwa vita vya Wanervii vilipiganwa mwaka 57 kabla ya Kristo, kabla Antony hajajiunga na jeshi la Caesar kule Galia. Hakuna raia anayeuliza. Aliyekwisha kutokwa na chozi haulizi tarehe.

Hapo umati unakimbia kwenda kuchoma nyumba. Antony anawaita warudi: mmeusahau wosia! Sijui kama kuna mahali pengine katika maigizo ambapo msemaji ana uhakika na nguvu zake kiasi hiki, awasimamishe watu ambao tayari wamewaka ili awaongezee kuni. Drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Caesar ziwe za umma milele. Sasa nendeni.

Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hii kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akairekebisha, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hunishangaza kila nikifikiri: rais aliye madarakani, tena naye aitwaye Julius, anachagua kisa cha mtawala anayechomwa visu na rafiki zake. Januari 1964 askari wake mwenyewe waliasi. Sitaki kuunganisha mambo yasiyoungana, ila naamini kwamba mtu aliyeijenga nchi kwa hotuba nyingi kuliko risasi alikuwa na haja ya kuipitia hotuba hiyo neno kwa neno, ajue ilivyoundwa.

Je, Antony alikuwa mwongo? Hapa ndipo ufundi wa Shakespeare unapoupita wa Antony. Kabla ya hotuba, akiwa peke yake na maiti, hana wa kumdanganya, Antony anamwomba Caesar radhi kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji wake. Uchungu wake ni wa kweli. Anampenda Caesar kweli na anawachezea watu kweli, na mambo hayo mawili hayagombani ndani yake. Ingekuwa rahisi kumhukumu kama angekuwa mnafiki tu. Muda mfupi baada ya hotuba, umati unakutana na mshairi Cinna. Anajieleza kwamba siye yule Cinna wa njama. Wanamrarua hata hivyo, kwa jina lake, na kwa mashairi yake mabaya.

Onyesho linalofuata ni fupi na huwa linapitwa haraka jukwaani, nami naona ndilo kali kuliko yote. Antony na wenzake wapya madarakani, Octavius na Lepidus, wamekaa mezani wakitia alama majina ya watakaouawa. Lepidus anamtoa ndugu yake. Antony anamtoa mpwa wake, bila hata kupandisha sauti. Kisha anamtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akaulete wosia, waone ni fungu gani la urithi linaloweza kupunguzwa. Ni wosia uleule.

Mwishoni, kule Philippi, Brutus ameshindwa vitani na amekwisha kuuangukia upanga alioshikiwa na Strato, na Antony anahutubia tena juu ya maiti. Safari hii hakuna umati wa kuwasha, ni wanajeshi walioshinda na mateka wachache. Anamsifu Brutus kuwa peke yake kati ya wauaji ndiye aliyetenda kwa ajili ya wote, si kwa wivu. Nadhani anamaanisha. Lakini nimeshamsikia akimwita mtu huyohuyo wa heshima, siku ile, na adui aliyekufa ni rahisi kumsifu.