Mng'ao wa Kululu

Msomaji, ukipita Diani huenda ukaona makombe ya baharini yamepangwa mezani yakingoja wanunuzi. Kati yake hung'aa kululu, yenye madoa kama ya chui. Wengi huusifu uzuri wake. Wachache huuliza umetoka wapi.

Konokono wa kululu akiwa hai hulifunika gamba lake kwa nyama laini, na nyama hiyo ndiyo ilijengayo na kulilinda lisikwaruzwe. Akifa, jua, mchanga na mawimbi hulifubaza. Basi kululu ing'aayo kama kioo, mara nyingi, ilitwaliwa na mwenyewe yu hai. Mng'ao tunaousifu ndio ushahidi wa kuuawa kwake.

Je, kukusanya makombe ni kosa? Hapana, yategemea mkusanyaji atafuta nini. Kipimo chema tunacho katika kazi ya J. F. Spry juu ya makombe ya Dar es Salaam, iliyotolewa katika jarida la Tanganyika Notes and Records: jamii ya konokono mwaka 1961, na jamii ya chaza mwaka 1964. Fadhila yake ya kwanza ni mpaka wake. Mwandishi hakudai bahari zote, bali alichagua pwani moja. Kombe lisilojulikana lilikotoka ni pambo tu. Lililoandikiwa mahali na tarehe ni elimu.

Hata hivyo, sifa haizuii lawama. Kazi hiyo ni ya Kiingereza, na majina ya kitaalamu ni ya Kilatini. Majina hayo yana faida, kwa kuwa mtaalamu wa Japani na wa Kenya huelewana kwayo, lakini hayatoshi. Mwaka 1758 Linnaeus aliipa kululu jina la simbamarara, mnyama wa milia, hali gamba lake lina madoa! Mtoto wa Msambweni asingekosea hivyo.

Kwa hiyo pengo hilo ni lako kuliziba. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, shuka mwambani na daftari. Ukigeuza jiwe, lirudishe. Waulize wavuvi na akina mama jina la kila kiumbe, kwa Kidigo na kwa Kiswahili; andika mahali, siku na ulichokiona, kisha mwache mwenye gamba akae na gamba lake.

Aliyekosa alichokitafuta, Waswahili husema ameambulia kululu. Abebaye gamba akaiacha elimu, msemo huo wamfaa mara mbili.